Mwaka 1863 na Majengo ya Kisarawe na Kibaha

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1979, hulilinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baadaye hungoja tangazo la Waziri. Tuupime mwaka huo katika wilaya mbili za Pwani zinazosukumwa na upanuzi wa Dar es Salaam.

Kisarawe, wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo chao mwaka 1892. Kibaha, mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963 na kukabidhiwa serikali Januari 1970 ulituachia shule, kituo cha afya na chuo cha wakulima. Ndilo Shirika la Elimu Kibaha la leo. Kituo kimechelewa miaka 29, mradi karne nzima! Kinga ya kwanza, basi, ni diwani anayeusoma mchoro wa mipango miji kabla ya kunyoosha mkono.

Tatizo ni kwamba udiwani wenyewe ulikatizwa. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972 kwa jina la Madaraka Mikoani, zikarejeshwa kwa sheria za mwaka 1982. Kwa muongo mzima maamuzi yalikuwa ya maofisa, na mazoea ya kuwahoji yakafifia. Sheria hizo zinawaruhusu madiwani kutunga sheria ndogo. Za ushuru hutungwa upesi (watumishi wenzangu mnisamehe). Ya kuorodhesha majengo ya kumbukumbu ni nadra. Pasipo orodha, mthamini huona kiwanja kizuri chenye jengo chakavu.