Kitalu cha nyanya

Kitalu cha nyanya ni tuta dogo, trei au chombo chochote chenye matundu chini, ambamo mbegu za nyanya (Solanum lycopersicum) husiwa na miche kulelewa hadi ihamishiwe bustanini. Nyumbani, ndoo iliyopasuka au kopo la rangi lililotobolewa hutosha kabisa.

Udongo huchanganywa na mboji au samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Mbegu hufukiwa kina kisichozidi sentimita 1, kwa mistari, kisha hufunikwa kwa nyasi kavu. Kukiwa na joto huota baada ya siku 5 hadi 10, na hapo nyasi huondolewa bila kuchelewa, la sivyo miche hurefuka na kulegea.

Adui mkubwa ni kinyausi, ugonjwa unaoletwa na vimelea vya udongoni kama Pythium na Rhizoctonia. Shina hunywea usawa wa ardhi, likawa jembamba kama uzi, na mche huanguka ungali na majani mabichi. Mara nyingi chanzo ni huruma ya mwenye bustani: maji mengi, na kusita kung'oa miche iliyosongamana.

Miche huhamishwa ikiwa na wiki 4 hadi 6, jioni, baada ya kuzoeshwa jua na kupunguziwa maji. Kwa anayetaka kujiwekea mbegu za kitalu kijacho, zilizokamuliwa kutoka nyanya chotara huota, ila mazao yake hubadilika; za aina zisizo chotara, kama Tanya na Tengeru 97, hazina shida hiyo.