Kutoka nyota mpaka picha za ndege: namna ardhi ya Maniema ilivyopimwa

Ndugu wasikilizaji wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli, na ninyi jamaa mliohama makwenu kwa sababu ya vita, kuna swali linalorudi kila mara: nani alipima ardhi yetu, na kwa faida ya nani? Historia hiyo inaanzia juu mbinguni.

Kwanza tuangalie saa. Kindu inafuata saa ya mstari wa 30 wa mashariki, lakini mji wenyewe uko karibu na mstari wa 26. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa moja, yaani uzi mmoja kwa dakika 4. Ndiyo sababu jua linafika katikati ya anga yetu, kwa wastani, dakika 16 baada ya saa kuonyesha saa sita mchana.

Wasafiri wa zamani walitumia tofauti ya namna hiyo ili wajue wamefika wapi. Umbali kutoka ikweta ulikuwa rahisi: walipima urefu wa jua la adhuhuri, au wa nyota. Kwa mashariki na magharibi walihitaji saa isiyodanganya. Saa ikikosea dakika moja tu, huku kwetu kijiji kinahama kilomita 28 hivi kwenye ramani. Na saa hizo zilisafiri miezi mingi porini, katika mvua na matope, pamoja na wapagazi.

David Livingstone alifika Nyangwe, soko kubwa la Lualaba, mwezi wa Machi 1871. Alitumaini kwamba mto huu ni mwanzo wa Nili. Agosti 1874 akafika Verney Lovett Cameron, akapima kimo cha Nyangwe juu ya bahari. Hesabu yake ilionyesha kwamba Nyangwe iko chini kuliko Nili kule Gondokoro, na maji hayapandi mlima. Basi Lualaba si Nili. Stanley akaondoka Nyangwe Novemba 1876, akisindikizwa mwanzoni na Tippu Tip, na Agosti 1877 akatokea Boma. Mto ukathibitika kuwa ni Kongo.

Nyuma ya vipimo ikaja sheria. Tarehe 1 Julai 1885, dola ya Leopold II ilitangaza kwamba ardhi tupu ni mali yake. Lakini tupu kwa macho ya nani? Shamba lililopumzishwa, pori la kuwinda, kijiji cha mababu kilichohama: mgeni mwenye karatasi aliona msitu tu.

Kisha ikaja reli. Kutoka Ubundu mpaka Kindu mto unapitika kwa meli. Juu ya hapo kuna maporomoko. Kampuni ya CFL, iliyoundwa 1902, ikajenga njia ya Kindu mpaka Kongolo, kilomita 355, ikamalizika mwisho wa 1910. Reli haijengwi kwa kukisia: lazima kupima kila mteremko na kila kijito.

Kabla ya uhuru, Taasisi ya Jiografia ya Kongo ya Wabelgiji ilitumia ndege. Picha zilipigwa zikipishana, kila moja ikirudia zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia. Ukitazama mbili pamoja kwa chombo maalumu, milima inainuka na mabonde yanazama. Lakini picha peke yake haijui iko wapi. Inahitaji alama zilizopimwa chini. Tena inaonyesha shamba bila kusema ni la nani. Picha nyingi za wakati ule zinahifadhiwa Tervuren, Ubelgiji.

Sheria ya 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni ya Serikali, na hati ya kuandikishwa ndiyo ushahidi wa haki ya mtu juu yake. Kuhusu ardhi ya kimila, kifungu cha 389 kiliahidi amri ya Rais. Miaka mingi ilipita bila amri hiyo, na hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa.

Kwa mtu aliyekimbia, jambo hili si masomo ya darasani tu. Ukirudi na kukuta mwingine amelima, utaulizwa mpaka ulipo. Andika leo, kabla wazee hawajaondoka: kijito gani, mti gani, kaburi la nani, jirani wa kila upande ni nani. Simu yenye GPS inaweza kukupa namba za mahali, ikikosea mita chache penye uwazi, na zaidi chini ya miti mikubwa. Haichukui nafasi ya mpimaji wa kadastri wala ya ushuhuda wa shefu, lakini inaongeza nguvu.

GPS nayo inategemea saa, zile zilizo ndani ya satelaiti. Zamani mwenye saa nzuri ndiye aliyechora ramani, na sisi tukachorwa. Leo saa hiyo iko mfukoni mwako. Itumie.