Kutoka Rufiji Jazz hadi Msondo: magitaa yaliyojua kupokezana

Zamani, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, safari ya kutoka kusini kwenda Dar es Salaam ilikuwa ya kubahatisha. Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na masika yakikolea barabara ilikatika. Waliofika mjini walikutana na watu wa kwao, na bendi nazo zikabeba majina ya makwao: Rufiji Jazz, Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, na Western Jazz ya watu wa magharibi.

Mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo, mzaliwa wa Masaki, Kisarawe, alipitia Rufiji Jazz na Kilwa Jazz kabla ya kujiunga na NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanzishwa mwaka 1964. Mwaka huohuo kule Marekani, mpiga tarumbeta wa jazz Miles Davis alimpata Wayne Shorter wa saksafoni, akakamilisha kundi lake la watu watano pamoja na Herbie Hancock kwenye piano, Ron Carter kwenye besi na Tony Williams kwenye drams. Katika rekodi zao hakuna aliyekaa pembeni kumsindikiza mwenzake tu. Tarumbeta ikitupa neno, drams zinalidaka na kulijibu kabla halijaisha.

NUTA walikuwa wengi kuliko watano, na nyimbo zao zilipangwa mazoezini zaidi ya kubuniwa papo hapo. Lakini kusikilizana kulikuwa kwa namna ileile, na wao walikuwa na shule yao: uwanja wa ngoma. Katika ngoma za pwani, chapuo hushika mwendo wa haraka, vumi hujaza chini, na msondo, ngoma ndefu ya unyagoni, ndiyo inayozungumza. Kila moja huacha nafasi ili nyingine isikike. NUTA walipouita mtindo wao Msondo, walikuwa wanataja asili ya mpangilio wao.

Sikiliza sehemu ya pili ya wimbo wa dansi wa enzi hizo, pale waimbaji wanapopunguza maneno na chemko linaanza. Gitaa la solo linarudiarudia kipande kifupi cha juu. Second solo linapita chini yake, likiziba mianya ambayo solo limeiacha makusudi, na rhythm linayaunganisha yote mawili. Besi haitembei mfululizo: inapiga noti mbili tatu, inanyamaza, tumba zinaingia hapo, kisha inarudi. Tarumbeta na domo la bata (saksafoni) huja kwa pamoja, husema sentensi yao na kuondoka. Ukiondoa gitaa moja, yaliyobaki yanasikika kama mazungumzo ya simu unayoyasikia upande mmoja.

Studio nayo ilichangia. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Zilichapwa Nairobi, na bendi nyingi zilirekodi kwanza Radio Tanzania Dar es Salaam. Pale wimbo ulipigwa mzima, wote kwa pamoja, mbele ya vipaza sauti vichache. Mmoja akikosea, wote wanarudia. Katika hali hiyo, mpigaji asiyemsikiliza mwenzake alikuwa hasara kwa bendi nzima.

Mwaka 1978 Gurumo alihamia Mlimani Park, bendi iliyojipatia jina la Sikinde, ngoma ya Wazaramo. Ushindani wa Msondo, bendi aliyoiacha, na Sikinde ukawagawa mashabiki wa jiji kwa miaka mingi, huku pande zote mbili zikichota kisima kimoja cha pwani. Gurumo alifariki Aprili 2014, akiwa ameimba kwa zaidi ya nusu karne.

Siku hizi kila mpigaji anaweza kurekodi sehemu yake peke yake, na kompyuta ikaunganisha. Kosa linafutika kwa urahisi, ila jibu la papo hapo kati ya gitaa na gitaa halipatikani kwa njia hiyo. Bendi changa inayotaka ladha ya Msondo haina budi kuingia chumba kimoja na kupiga pamoja, hata kama itarudia wimbo mara kumi.