Ukoma Upimwe kwa Mishipa ya Fahamu, Si kwa Rejista

Mwaka 1991 Mkutano wa Afya Duniani uliazimia kutokomeza ukoma kwa kuushusha chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Tanzania ilifikia kiwango hicho mwaka 2006, na tangu hapo wengi huuandika ukoma kama ugonjwa wa zamani. Dai hilo limejengwa juu ya kipimo kibovu. Kinachohesabiwa ni watu walio kwenye rejista ya tiba, na wingi wao hutegemea muda wa tiba yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 dawa mseto kwa ukoma wa vijidudu vingi ilipofupishwa kutoka miezi 24 hadi 12, idadi ya wagonjwa hao rejistani ilikuwa lazima ishuke, hata pale ambapo wapya waliendelea kuja kwa kasi ileile.

Kosa la msingi ni kuuchukulia ukoma kama ugonjwa wa ngozi unaokwisha baka likififia. Bakteria wake hukaa ndani ya seli za Schwann zinazoufunika mshipa wa fahamu, na hupenda sehemu zenye ubaridi, ndiyo maana mishipa inayoumia zaidi ni ile inayopita karibu na ngozi: nyuma ya kiwiko, kando ya goti, nyuma ya kifundo cha mguu. Mshipa wa kiwiko ukifa, kidole cha mwisho na cha pete hujikunja, na nyama kati ya gumba na kidole cha shahada hukonda hadi pakabaki shimo. Mgonjwa huinua sufuria ya moto asisikie kitu. Mara nyingi hasara hii huja bila maumivu, kwa hiyo asiyepimwa hagunduliki.

Ushahidi mzito zaidi unatoka Bangladesh, katika utafiti wa Croft na wenzake uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2000. Miongoni mwa wagonjwa wa vijidudu vichache waliogunduliwa mishipa ikiwa mizima, asilimia 1.3 tu walipata madhara mapya ya mishipa ndani ya miaka 2. Kwa wale wa vijidudu vingi ambao mishipa ilikuwa imekwisha kudhurika, ilikuwa asilimia 65. Watu hawa walikuwa wamesajiliwa na kupewa dawa. Dawa mseto huua bakteria, lakini kinga ya mwili huendelea kushambulia mabaki yao ndani ya mshipa, na uvimbe huo ndio unaoubana mshipa hadi kufa. Kwa tiba ya leo ya miezi 12, nusu ya kipindi hicho cha hatari humkuta mgonjwa akiwa amekwisha kufutwa rejistani kama aliyepona.

Watetezi wa kipimo cha rejista watajibu kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mkakati wa 2021–2030, linafuatilia pia ulemavu wa daraja la 2 kwa wagonjwa wapya. Ni hatua njema, ila haitoshi. Daraja hilo ni la ulemavu unaoonekana. Mkono au mguu uliokufa ganzi bila kupinda huwekwa daraja la 1. Tena hupimwa siku ya kugunduliwa, kwa hiyo hueleza ucheleweshaji wa utambuzi, si yanayotokea baadaye. Pingamizi la pili ni gumu zaidi: predinisoloni, tiba kuu ya mshipa uliovimba, haijathibitika kama tulivyotarajia. Jaribio la TRIPOD 3 halikuona faida yake kwa mishipa iliyodhurika tangu miezi 6 hadi 24, na lile la TENLEP halikuona tiba ya wiki 32 ikiishinda ya wiki 20. Mimi nasoma matokeo hayo kama hoja ya kuwahi, maana mgonjwa huwahi kutibiwa kabla miezi 6 haijapita ikiwa tu kuna aliyempima. Kugusa kiganja na unyayo kwa ncha ya kalamu, kisha kumwambia afumbe macho kwa nguvu, ainue gumba na apandishe mguu, ni kazi ya dakika chache hata zahanatini. Matokeo hayo yaandikwe siku ya kwanza, kila mgonjwa anapochukua dawa, siku ya kumaliza, na mwaka mmoja baada ya hapo, na mikoa ilinganishwe kwa idadi ya mishipa iliyopotea mikononi mwa huduma.