Habari za Vipimo vya Mifano ya Vyombo, na Udugu wa Waundaji Wake

Neno kigezo lina maana mbili katika Kiswahili. Ni kitu kinachofuatishwa, na tena ni kitu cha kupimia. Fundi hutwaa kigezo cha ubao akachonga ubao wa pili ulio sawa nacho. Na mwalimu husema kuwa jambo fulani ndilo kigezo cha kazi ya mwanafunzi. Katika makala haya nataka kueleza kazi moja ambayo maana hizo mbili hukutana ndani yake kila siku, nayo ni kazi ya kuunda mifano midogo ya magari, vifaru, treni na ndege, iliyolingana na vyombo vyenyewe kwa kila upande. Watu wengi huihesabu kuwa mchezo wa watoto. Si kosa kuiita mchezo. Lakini ni mchezo wenye historia, na historia hiyo inatuonyesha jinsi watu wasiojuana walivyopata kipimo kimoja cha kushirikiana, na jinsi kipimo hicho kinavyoweza kuwa kimezaliwa na sababu hafifu kabisa.

Kwetu Afrika ya Mashariki, na vilevile katika Kongo, Zambia na Malawi, watoto wamezoea kuunda magari ya waya yenye usukani mrefu unaoshikwa na mtoto aliyesimama. Ni kazi ya akili na ya mkono mwepesi, nami siidharau hata kidogo. Lakini kipimo chake ni jicho. Lori la mtoto huyu huweza kuwa na magurudumu makubwa kuliko kibanda cha dereva, na la mwenzake likawa kinyume chake, na yote mawili yakasifiwa kwa kuwa yanakwenda vizuri. Huo ni mfano, maana unafanana, haujawa kigezo. Kazi ninayoieleza huanza pale ambapo muundaji hukubali kufungwa na hesabu.

Hesabu yenyewe ni rahisi kuitaja. Chombo kikiundwa kwa kipimo cha 1/35, kila sentimita 35 za chombo halisi huwa sentimita 1 ya mfano. Mtu mwenye kimo cha sentimita 175 huwa na sentimita 5. Kifaru cha Kijerumani kiitwacho Panther, ambacho kiwiliwili chake kilikaribia urefu wa mita 7, huwa kitu cha kukaa juu ya viganja viwili. Ugumu umo katika kuifuata hesabu hiyo mpaka mwisho. Kosa la nusu milimita, ambalo seremala wa vitanda hangelitazama mara mbili, ni kosa la karibu sentimita 2 katika chombo chenyewe, na jicho lililozoea huliona mara moja.

Vipande vya plastiki hutoka kiwandani vikiwa vimeshikamana na vijiti, kama matunda mabichi katika matawi. Kila kimoja hukatwa kwa makini, alama ya kalibu ikakwanguliwa kwa kisu na kulainishwa kwa msasa, kisha kikajaribiwa mahali pake kikiwa kikavu, mara mbili au tatu, kabla ya gundi kufunguliwa. Na gundi hiyo si gundi ya kunata tu: huyeyusha plastiki pande zote mbili hata zikawa kitu kimoja, na aliyeharakisha hana njia ya kurudi nyuma. Mnyororo wa kifaru cha Panther ulikuwa na pingili zaidi ya 80 kila upande. Muundaji aliyechagua kuziunga moja moja huzisafisha zote, akaziunga, akazungushia magurudumu, na alipokwisha akakumbuka kuwa upande wa pili bado haujaanzwa. Nadhani hapo ndipo wengi huiacha kazi. Wanaobaki hupaka rangi nyepesi, wakangoja ikauke, wakapaka tena, na huko kungoja ni sehemu ya kazi kama kukata.

Vipimo hivi havikutungwa siku moja wala na mtu mmoja. Kimoja kilitoka katika mwili wa binadamu. Mwaka wa 1936 kampuni ya Kiingereza ya Frog ilianza kuuza mifano ya ndege iliyoitwa Penguin, ambayo vipande vyake vilikuwa vya plastiki ya zamani iliyotokana na selulosi, kwa kipimo cha 1/72. Nambari hiyo huonekana ngeni kwetu tunaohesabu kwa makumi, lakini kwa Mwingereza wa wakati ule ilikuwa wazi: futi 6 ni inchi 72, basi mtu mrefu wa futi 6 huwa na inchi 1 kamili. Vita Vikuu vya Pili vilikitia kipimo hicho nguvu. Mwanzoni mwa mwaka wa 1942 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge mifano ya ndege ya mbao ipatayo 500,000, ya kuwafundishia askari kupambanua ndege za rafiki na za adui. Mfano wa 1/72 ukitazamwa kutoka umbali wa futi 35 huonekana kama ndege halisi ionekanavyo kutoka futi 2,520, yaani karibu nusu maili. Hapo mchezo haukuwa mchezo tena. Bawa likizidi unene, askari angejifunza umbo la ndege isiyokuwapo duniani. Kwa hiyo mifano ilipimwa kwa vigezo kabla ya kupokewa, na watoto waliokuwa mbalimbali katika nchi kubwa wakawa wanachonga kitu kimoja.

Kipimo kingine kilitoka katika mashine, tena kwa njia isiyopendeza. Katika bara la Ulaya waundaji wa treni ndogo walitumia milimita 3.5 mahali pa kila futi, ambayo ni 1/87. Lakini injini za reli za Uingereza ni nyembamba kuliko za bara, na mota za umeme za zamani hizo hazikuweza kuingia ndani ya mfano wa injini ya Kiingereza iliyopunguzwa kiasi hicho. Watengenezaji wakaongeza kiwiliwili hata kikawa milimita 4 kwa futi, yaani 1/76, wakaiacha njia ya reli na upana wake wa milimita 16.5 kama ilivyokuwa. Matokeo yake ni kwamba treni ya kipimo kimoja inakwenda juu ya reli ya kipimo kingine mpaka leo. Kila mpenzi wa treni hizo analijua kosa hili. Wako waliotandika reli pana zaidi ili walisahihishe, na kazi yao ni nzuri mno, lakini wengi wamekaa na kosa lao la zamani kwa sababu majirani zao wote wanalo. Na kosa halikukaa kwenye reli peke yake: kampuni ya Airfix ilipoanza kuuza vifaru vidogo mwaka wa 1961, ilivifanya kwa 1/76, vipate kulingana na treni hizo.

Airfix hiyo ilianzishwa Uingereza mwaka wa 1939 na Nicholas Kove, mtu wa asili ya Hungaria, na kwa miaka kadhaa ilijulikana zaidi kwa vichana vya nywele. Mwishoni mwa miaka ya 1940 iliombwa kutengeneza mfano wa trekta la Ferguson, wapewe wauzaji wa matrekta hayo. Kuunga vipande kiwandani kulikuwa taabu na gharama. Ikaonekana afadhali kuviuza vikiwa vimetengana, mnunuzi aviunge mwenyewe. Mwaka wa 1952 ikafuata merikebu ya Golden Hind, iliyouzwa katika maduka ya Woolworth kwa shilingi 2. Hivyo taabu ya kiwanda ikageuka kuwa starehe ya mnunuzi.

Lakini kisa kinachonishangaza kuliko vyote kimetoka Japani, katika mji wa Shizuoka, wenye sifa ya kale ya mafundi wa mbao. Mwaka wa 1946 Yoshio Tamiya alifungua huko biashara ya kupasua na kuuza mbao. Mwaka uliofuata ikaanza kutoa mifano ya mbao ya meli na ndege, na mwaka wa 1953 ikaacha kabisa kuuza mbao za ujenzi. Muda si mrefu mifano ya plastiki ikaingia kutoka ng'ambo, na wanunuzi wa mbao wakapungua. Tamiya naye akageukia plastiki. Mfano wake wa kwanza, manowari Yamato wa mwaka wa 1960, ulimtia hasara, kwa kuwa kampuni nyingine iliuza manowari hiyohiyo kwa bei nafuu, na gharama ya kalibu haikurudi.

Baadaye likaja jaribio la kifaru cha Panther, mwaka wa 1961. Kilichaguliwa kwa sababu bamba zake ni bapa na zimenyooka, na kalibu ya umbo la namna hiyo ni rahisi kuchonga. Picha ya sanduku ilichorwa na Shigeru Komatsuzaki, mchoraji mwenye jina. Kifaru kilitakiwa kitembee chenyewe kwa mota, na mota hutaka betri, na betri haikubali kupunguzwa. Basi wachoraji wa kiwanda wakakipa kiwiliwili ukubwa wa kuzimeza betri zilizokuwa zikiuzwa madukani, na kifaru kilichobaki kikafuata kiwiliwili. Ilipohesabiwa, ikawa 1/35. Hapana mtu aliyeketi akaamua kuwa 35 ni nambari bora. Shunsaku Tamiya, mwana wa mwenye kampuni, aliyesimamia kazi hiyo, hakulificha jambo hilo.

Kilichofuata ni shani. Kulikuwa na vipimo vyenye hoja bora. Kile cha 1/32 kilikuwapo, nacho hugawanyika vizuri kwa inchi. Kampuni za Monogram na Airfix zilikitumia kwa vifaru. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Bandai ilitoa vifaru vingi vya 1/48, kipimo kinachopatana na ndege. Lakini Tamiya ilikuwa imekwisha kutoa vifaru, magari na askari wengi wa 1/35, na aliyekuwa nao rafuni hakutaka kununua askari wa 1/32, ambaye angewazidi wenzake kwa karibu nusu sentimita na kuonekana jitu miongoni mwao. Watengenezaji wa nchi nyingine wakaona heri wafuate. Wasomaji wa jarida hili hawatashangaa sana. Mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 ulipokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka wa 1930, haikuthibitishwa kuwa Kimvita, chenye hazina yote ile ya ushairi, kilikuwa duni. Kiunguja kilikuwa kimekwisha kusafiri bara pamoja na misafara. Wako wanaosikitika mpaka leo, nami siwalaumu. Hata waundaji wa 1/32 wapo bado.

Udugu wa watu hawa nauona umejengwa juu ya makubaliano hayo. Mwaka wa 1963 wapenzi wa Uingereza walianzisha chama cha waundaji wa mifano ya plastiki, na mwaka uliofuata tawi la Marekani likafunguliwa; chama hicho kimeenea katika nchi nyingi. Kazi yao kubwa haikuwa kusifiana. Baadhi ya vifaru vya zamani vilikuwa vimepanuliwa tumbo ili mota ienee, na tumboni vilikuwa na matundu ya swichi. Mtu mmoja alikwenda na utepe wa kupimia kwenye jumba la makumbusho, mwingine akatafuta picha, wa tatu akaeleza namna ya kukata kiwiliwili na kukipunguza, na aliyesoma maelezo hayo akiwa nchi nyingine aliweza kuyatumia siku ileile, kwa kuwa milimita ya mwenzake ilikuwa milimita yake. Aliyesahihishwa hakukosa kununa, nadhani, lakini alirudi. Viwanda navyo vilijifunza kuogopa macho hayo. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Tamiya ilinunua gari halisi la Porsche 911, ikalifungua kipande kwa kipande ili kulipima, kisha ikabidi waitwe mafundi wa magari hayo waliunge tena.

Tangu mwaka wa 1990 vyama vya waundaji hukutana Shizuoka, wakati wa maonyesho ya mifano ya kila mwaka, wakapanga kazi zao juu ya meza ndefu, chama kando ya chama. Vifaru vilivyoundwa na watu ambao hawajapata kuonana husimama pamoja, na hapana kinachomzidi jirani yake isipokuwa kile ambacho chombo chake halisi kilikuwa kikubwa zaidi. Vingi kati yake ni vya 1/35. Mota imekwisha kutolewa zamani katika vingi vya aina hiyo, na matundu ya swichi yamezibwa, wala tumboni hamna tena mahali pa kuweka betri.