Marejeo Yaliyopitia Tororo

Mtafiti wa malale aliye Antwerp au Chicago, akiandika leo kuhusu vimelea vya Trypanosoma brucei, huenda akataja EATRO 1125 bila kujiuliza herufi hizo tano zimetoka wapi. Zimetoka Tororo. EATRO lilikuwa shirika la utafiti wa malale la Afrika Mashariki, na maabara zake zilikuwa hapa kwetu. Mwaka 1966 kimelea hicho kilitolewa kwenye mwili wa pongo humu Uganda, kikapewa nambari, kikasafirishwa. Huko Antwerp wakakipa na jina lao, AnTat 1.1. Pongo alikwisha zamani. Nambari ingali inatembea majaridani.

Mimi si mwanasayansi, ni mpiga chapa. Kazi nilijifunzia kwenye taipureta, na sasa nina meza, kompyuta na mashine ya fotokopi kando ya barabara iendayo Tororo, karibu na Chuo Kikuu cha Busitema. Kinachonilisha ni ule ukurasa wa mwisho wa makala ambao wasomaji huuruka: marejeo. Wahadhiri huniachia wakisema, "Mama, hayo ni mapambo tu, yanyooshe." Si mapambo. Kazi iliyofanyika katika wilaya hizi, ikishapita miaka, hubaki pale chini kwa maandishi madogo, au haibaki popote.

Watu hudhani kanuni za marejeo ziliteremka pamoja na sayansi yenyewe. La. Mtindo unaoitwa Harvard ulianza na konokono. Mwaka 1881 Edward Laurens Mark, mwalimu wa zuolojia huko Harvard, alichapisha makala ndefu juu ya mayai ya konokono asiye na nyumba, na humo ndani akaweka kwenye mabano jina la mwandishi na mwaka. Basi. Hakuna kamati iliyokaa.

Sisi wapiga chapa tulimpenda Mark bila kumjua. Ukifuata jina na mwaka, daktari akikuletea kitabu kipya jioni ya mwisho, unakichomeka penye herufi yake na unakwenda kulala. Nambari ni balaa. Kwenye taipureta, rejea moja ikiingia kati ya ya tatu na ya nne, zote zilizo nyuma yake zinasogea, ndani ya makala na kwenye orodha, nawe unapanga upya karatasi na kaboni zake. Tipeksi hufuta nakala ya juu tu. Za chini zinabaki na kosa lake. Majina ya vimelea tuliyapigia mstari chini, maana mashine haikuwa na herufi za kulala. Mpanga chapa akiuona mstari alijua cha kufanya. Kisha kila jarida lilikuwa na yake. Hili lilitaka mwaka karibu na jina, lile mwishoni. Hili jina kamili la jarida, lile lifupishwe kama lilivyofupishwa katika faharasa ya tiba, Index Medicus. Makala ikikataliwa London na mwenyewe akaamua kuipeleka Nairobi, orodha nzima ilirudi mezani, hata kama sayansi yake haikubadilika neno.

Kumbe kero hiyo haikuwa ya Tororo pekee. Katibu mmoja wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, alichoka kupiga upya orodha zilezile, akawauliza wahariri wa majarida makubwa ya tiba kwa nini wasikubaliane. Januari 1978 wahariri wachache walikutana Vancouver, Kanada, na mwaka 1979 mwongozo wao ukachapishwa, umbo la rejea likiwa limeandaliwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Ndio huo mtindo wa Vancouver ambao majarida mengi ya tiba yanautumia. Na walichagua nini? Nambari! Katibu aliomba nafuu, akapewa balaa lililo sawa kila mahali. Nakubali hata hivyo kwamba balaa moja ni afadhali kuliko ishirini.

Mwongozo ule ulishonwa kwa kipimo cha makala ya jarida: mwandishi, kichwa, jarida, mwaka, juzuu, kurasa. Kazi nyingi ya Tororo haikuvaa nguo hiyo. Ilitoka katika ripoti za mwaka za EATRO, ambamo jaribio zima la mwaka linaweza kukaa kwenye aya mbili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, EATRO ikawa UTRO. Baadaye ikaitwa LIRI, kisha NaLIRRI. Mwanafunzi anayeandika juu ya malale yaliyozagaa Busoga kuanzia 1976 hukutana na majina hayo yote akadhani ni taasisi nne zinazoshindana, au, vibaya zaidi, anayabadilisha yote yawe jina la leo. Hapo mimi huwa mkali. Ninaandika jina lililo kwenye jalada la ripoti. Ukiipa ripoti ya miaka ya 1960 jina la juzi, atakayeitafuta maktabani hataiona, na atasema haikuwapo.

Halafu kuna majina ya watu. Rejea inataka jina la ukoo. Kwa Wajopadhola, Othieno ni aliyezaliwa usiku. Dada yake aliyezaliwa mchana ni Achieng, na baba yao anaweza kuwa Obbo. Jina la ukoo liko wapi hapo? Isitoshe, Uganda shuleni tunatanguliza jina la nyumbani: Othieno Peter. Mhariri wa mbali anaona Peter limekuja mwisho, anaandika Peter O. Kwenye makala inayofuata anaandikwa Othieno P. Mtu mmoja amekuwa wawili, na kila mmoja ana nusu ya kazi yake. Tangu 2012 kuna ORCID, inayompa mtafiti tarakimu 16 zake asichanganywe na mwingine. EATRO waliwapa nambari vimelea. Zamu ya watafiti imefika.

Rejea vilevile huzuia takwimu isizeeke kimyakimya. Makala moja ya mwaka 2006 ilikadiria kwamba mtu wa Tororo huumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 562 kwa mwaka. Apac ilikuwa 1,586. Mwaka 2015 ikachapishwa hesabu ya Nagongera, humo humo wilayani Tororo: 310. Katikati hapo, Desemba 2014, kupuliza dawa kwenye kuta za nyumba kulikuwa kumekwisha kuanza wilayani. Hata hivyo naletewa miswada inayosema watu wa Tororo "huumwa mara 562", kana kwamba ni jana, na rejea iliyowekwa ni ya mtu aliyenakili kwa mtu aliyenakili.

Chuo cha zana za kilimo cha Busitema kilipogeuzwa chuo kikuu mwaka 2007, Zotero, programu ya kupanga marejeo, ilikuwa na umri wa mwaka mmoja. Sasa nambari zinasogea zenyewe, na kutoka Harvard kwenda Vancouver ni kubofya mara moja. Lakini programu hupanga ulichoilisha. Ukiilisha Peter O, itampanga Peter O vizuri sana.

Juzi mhadhiri kijana alikuja na barua ya jarida: wanataka DOI, ile nambari ya kudumu ya kuitambulisha hati mtandaoni, ya ripoti ya EATRO ya mwaka 1965.

"Mwalimu," nikamwambia, "DOI zimeanza mwaka 2000."

"Najua, Mama. Tuandike nini sasa?"

Tukaandika jina la shirika, Tororo, mwaka, ukurasa, na maktaba ambamo aliisoma nakala. Jarida likarudisha swali lilelile. Tukajibu vilevile.