Nyuma Kuna Nafasi?

Mtu wa kwetu Mara akitaka kujua gari la mizigo ni la namna gani, haanzii mbele. Huzunguka nyuma. Hutazama sakafu ya bodi kama imeoza, hugonga ubavuni kwa kiganja kusikia kama bati bado ni zima au limejazwa puti, halafu huchuchumaa kuhesabu vipande vya springi. Injini ataiuliza baadaye. Nimeliona hilo Musoma, nimeliona Bunda, na nimekuja kuamini kwamba tabia hii ina historia yake, ambayo haijaandikwa sana kwa sababu ni historia ya vitu vilivyochomelewa gereji na kung'olewa tena.

Mwaka jana mimi, mdogo wangu na binti wa shangazi yetu tulichanga fedha za kununua pikapu ya kubebea vifaa vya kambi. Kazi yetu ni kuwapeleka wanafunzi na wageni wachache kulala nje: ufukweni Majita, kwenye vilima vya mawe vya Butiama, na mara mojamoja Serengeti kupitia lango la Ndabaka. Mzigo wetu si mzito sana, ila una fujo: mahema kumi, magodoro, meza za kukunja, masufuria, majiko ya gesi, taa, madumu ya maji. Tulichotaka ni bodi iliyofunikwa kwa bati, yenye mlango wa kufuli na droo ndefu za kuvuta, kama yale magari ya wageni wanaokatiza bara kutoka Afrika Kusini. Lakini nusu ya fedha ilitokana na ng'ombe wa nyumbani Butiama, na ng'ombe wakishauzwa, wenye kauli huwa wengi. Mama alisikiliza maelezo ya droo mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na mgonjwa mtamlaza wapi?"

Tulibishana wiki kadhaa. Mdogo wangu alisema hii ni biashara, si gari la wagonjwa. Mama alisema hajawahi kuona pikapu ya mtu Butiama ikapita mlangoni mwa mwenye uchungu wa kuzaa na isisimame. Wote wawili walikuwa wakisema kweli, na hapo ndipo nilipoanza kufuatilia: bodi ya pikapu ilipataje kuwa mali ya kila mtu?

Kabla ya magari, mzigo wa safari ulikwenda kichwani na begani. Mpagazi wa karne ya 19 alibeba kama kilo 30, na msafara wa Mzungu mmoja uliweza kuhitaji watu mia na zaidi. Pikapu ya tani moja, basi, ni vichwa zaidi ya 30. Naipenda hesabu hii kwa kuwa inaonyesha kilichobadilika na kisichobadilika. Hema ni lile lile, kitanda cha kukunja kile kile, maji yale yale. Aliyeondoka ni mpagazi, pamoja na ujira wake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mwindaji mmoja wa Kimarekani aliingia Serengeti kwa gari la Ford. Ford wenyewe walianza kuuza Model T yenye bodi ya mizigo iliyotoka kiwandani mwaka 1925. Kabla ya hapo mnunuzi alilikata gari la abiria na kujipigilia sanduku la mbao nyuma, kazi ambayo fundi yeyote wa Musoma angeielewa mara moja. Kufikia mwisho wa muongo huo, uwindaji wa kufukuza simba kwa magari ulikuwa umezua kelele mpaka kwenye magazeti ya London, na Denys Finch Hatton, mwenyewe mwindaji wa kulipwa, alikuwa miongoni mwa waliokemea. Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Miaka mitatu kabla, mwaka 1948, Land Rover ya kwanza ilikuwa imeonyeshwa Amsterdam, na haikuchukua muda ikawa ndilo gari la serikali ya kikoloni, la wamisionari na la askari wa wanyamapori. Wageni huikumbuka kwa picha za kambi chini ya migunga. Upande wetu wa magharibi, kwa watu wa Ikoma na Nata, ilikuwa pia gari linalompakia nyuma aliyekutwa na nyama pori.

Gari hilohilo lilibeba na siasa. TANU ilizaliwa Julai 1954. Mwaka uliofuata Julius Nyerere aliacha ualimu Pugu, akawa anazunguka nchi kwa Land Rover ya chama. Huku Butiama, alikozaliwa, bado ukitaja Land Rover kwa mzee fulani atakuambia habari za uhuru kabla hajakuambia habari za gia.

Miaka iliyoumba pikapu ya Mara kama tunavyoijua, kwa maoni yangu, ni ile kati ya 1977 na mwisho wa miaka ya themanini. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Dar es Salaam hiyo ilikuwa habari ya kuvunjika kwa Jumuiya. Musoma ilikuwa habari ya beringi na mikanda ya feni, kwa sababu kwetu Kisumu ni karibu kuliko Dar, na njia ya Kisumu inapita Sirari. Katikati ya miaka hiyo ikaja Vita vya Kagera. Serikali ilichukua mabasi na malori, ya mashirika na ya watu binafsi, yakapeleke askari na chakula. Kampala ilitekwa Aprili 1979, lakini gari lililotoka vitani halikuwa lile lililokwenda, na vipuri vya kulifufua havikuwepo. Mafuta yakawa haba kiasi kwamba magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana.

Baba yangu mdogo alikuwa utingo kwenye lori la pamba Bunda miaka hiyo. Ukimpa shikamoo na kumwuliza habari za gari lolote, atakurudisha huko. Anasimulia springi zilizofungwa kwa mikanda ya tairi kuukuu, bolti zilizochongwa kwa tupa usiku kucha, betri iliyokuwa ikitolewa jioni na kulala chumbani na mwenyewe. Pia anasimulia watu. Basi lilikuwa linaweza kukosekana wiki nzima, kwa hiyo kila kilichokuwa na magurudumu na kikaweza kutembea, kilipakia. Dereva aliyepita mtu barabarani bila kusimama alijulikana kijiji kizima kabla jua halijazama. "Gari lilikuwa la fulani," ananiambia, "ila nyuma palikuwa petu."

Halafu ikaja bajeti ya Juni 1984. Waziri wa fedha, Cleopa Msuya, aliruhusu watu wenye fedha za kigeni waagize bidhaa kwa fedha zao bila kuulizwa walikozipata. Magari madogo ya mizigo yalikuwa miongoni mwa vitu vilivyokimbiliwa, na inaeleweka kwa nini: gari la kifahari lingekutambulisha, pikapu ilikulipa. Hapo ndipo zilipoenea zile pikapu zilizofungwa fremu ya mabomba, turubai juu, na mabenchi mawili ya kuelekeana. Watu wakaziita chai maharage, kwa kuwa abiria walikaa wakitazamana kama walio kwenye banda la chai asubuhi. Jina hilo lina utani ndani yake, ila mwenye kulipanda hakuwa na la kucheka: goti lako kwenye goti la mwenzio, kuku miguuni, moshi wote unaingia.

Na ziwa nalo likabadilika. Sangara, samaki aliyepandikizwa Ziwa Victoria tangu miaka ya 1950, alianza kujaa kwenye nyavu za upande wetu miaka ya 1980, na miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikafunguliwa kando ya ziwa. Pikapu zilizokuwa na mabenchi ziling'olewa mabenchi, zikawekewa sanduku la barafu. Nyingine zilibeba dagaa kwenye viroba alfajiri na watu jioni. Mpaka leo pikapu iliyofanya kazi ya samaki hujulikana kwa pua, na baada ya pua kwa bisibisi: choma taratibu kwenye kona za sakafu, karibu na kabini, ambako maji ya barafu hutuama. Ikizama, usinunue hata kama injini inaimba.

Oktoba 1999 Mwalimu alifia London, akazikwa Butiama tarehe 23 mwezi huo. Nilikuwa mtoto. Picha za televisheni zilionyesha viongozi na misafara; mama alikwenda akiwa amesimama nyuma ya pikapu ya mfanyabiashara wa dagaa kutoka Bunda, amelishika bomba la fremu kwa mikono miwili, na hakudaiwa nauli. Alipouliza habari ya mgonjwa, nadhani alikuwa akiulizia na safari hiyo.

Sasa turudi kwenye fedha zetu. Tulikuwa na magari mawili ya kuchagua. La kwanza Hilux ya kabini mbili, ukoo ambao Toyota waliuanzisha mwaka 1968. Inakula mafuta kidogo, inabeba abiria watano kwa heshima, ila bodi yake ni fupi. La pili Land Cruiser ya kabini moja, ya ukoo wa 70 uliotoka mwaka 1984, yenye injini ya dizeli ya silinda sita, 1HZ, lita 4.2, isiyo na kompyuta. Hii ni nzito, haina haraka, na inakunywa. Lakini bodi yake ni ndefu, na Musoma nzima huwezi kukosa fundi aliyewahi kuifungua injini hiyo. Bei zilikuwa karibu sawa kwa kuwa Land Cruiser ilikuwa imechoka zaidi. Tulichagua Land Cruiser. Sababu kubwa ilikuwa udongo. Ukiiacha lami Bunda na kuelekea mbugani mwezi wa nne, ule udongo mweusi hugeuka gundi, na kitu cha kukutoa ni ekseli imara na gari linalovuta magurudumu yote manne. Ilikuja na mkonga tayari. Watu hudhani mkonga ni wa kuvukia mito. Kwetu faida yake ya kila siku ni kwamba injini inavuta hewa ya juu, ambako vumbi ni pungufu.

Kuhusu bodi, droo za bati tuliziacha, na si kwa ajili ya mama peke yake. Tulipiga hesabu: droo mbili ndefu na paa la bati peke yake vilikuwa vinakaribia kilo 200, uzito wa pipa zima la maji, kabla hatujapakia hema hata moja. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea sanduku moja fupi la bati, linaloanzia nyuma ya kabini na kuishia kabla ya ekseli ya nyuma. Humo vinakaa vitu vizito na vinavyoibika: majiko, mitungi ya gesi, zana, betri ya taa. Madumu ya maji yanasimama kando yake, yamefungwa kwa kamba za mpira wa tyubu, ambazo hazijawahi kupata mpinzani. Mahema na magodoro, kwa kuwa ni mepesi, yanakwenda juu kwenye keria. Juu ya yote kuna fremu ya mabomba na turubai la kukunja. Tairi la akiba ni mawili, yote ya tyubu, kwa sababu tyubu hata mtoto wa Kisorya ataiziba.

Na mabenchi yapo. Mawili, ya mbao juu ya chuma, yamefungwa bawaba ubavuni. Yakikunjwa hayachukui nafasi. Yakishushwa, kati yake machela inapita. Binti wa shangazi ndiye aliyepima, alitumia mlango wa zizi kama kipimo. Trafiki hawapendi kuona mabenchi kwenye gari la mizigo, na hawana kosa, kwa kuwa watu wengi wamekufa hivyo. Tumekubaliana kwamba hatutampakia abiria wa kulipa huko nyuma, wala mwanafunzi, hata kwa kilometa moja. Mdogo wangu aliiandika kwa rangi kwenye mlango wa nyuma: HAIRUHUSIWI ABIRIA. Mama alipoisoma alisema mgonjwa si abiria, na maiti pia si abiria, na hakuna aliyembishia.

Tangu hapo limekwenda Ndabaka mara sita na hospitali mara nne. Kwenye daftari la mapato safari za hospitali tunaziandikia mafuta tu. Baba mdogo alikuja kulikagua, akazunguka nyuma, akachuchumaa, akahesabu springi. Anasema kila upande unahitaji kipande kimoja zaidi. Mdogo wangu anasema likiwa tupu litarusha kama punda. Fundi anamsubiri mmoja wao ashinde.